Mashine Ilisema Ofisi

Ifakara, Ijumaa alasiri

Mwanangu Gaudensia,

Uko Katindiuka kwa bibi yako, unaaga, na namjua bibi yako: hatakuachia njia kabla hajakulisha mara mbili. Kwa hiyo nina saa chache za kukaa mezani peke yangu. Barua hii nitaiweka ndani ya begi lako, juu ya nguo zote, uione kabla hujatafuta kitu kingine.

Sitaandika habari za chandarua, wala za kuchemsha maji, wala za nani atakupokea stendi utakapofika Dar es Salaam. Hayo tumeyasema mpaka juzi ukaanza kuyasema wewe kabla yangu, kwa sauti yangu, miwani yangu ikiwa imeshuka kwenye pua yako. Uliniiga vizuri sana. Sikucheka kwa sababu nilikuwa nahesabu soksi zako, lakini nilicheka baadaye, jikoni, peke yangu.

Naandika kujibu swali lako la Jumanne. Tulikuwa uani tunachambua mchele, ukaniambia kwamba huko unakokwenda kazini, kwenye chumba cha kompyuta, wameshafunga VPN, ile njia ya siri ya kompyuta, kati ya ofisi ya Dar es Salaam na tawi lao la Arusha. Kisha ukauliza, "Sasa Mama, kama njia nzima imefungwa kwa siri, yale maneno ya siri ya kila mtu na kioo kujifunga kila baada ya dakika tano yana kazi gani tena? Si usumbufu tu?" Nikakujibu, "Tutazungumza." Ukanyanyua macho kwenye ungo ukanitazama, maana tangu uko shule ya msingi sijawahi kuahirisha swali lako hata moja, hata lile la kwa nini sifuri haigawi.

Jibu fupi ni hapana. VPN haichukui nafasi ya ulinzi ambao kompyuta imekuja nao kutoka kiwandani. Jibu hilo ungelipata kwa mtu yeyote aliyesoma mambo haya kwa utulivu. Jibu refu lina mtu ndani yake, nami ndiye niliyepaswa kukupa tangu miezi miwili iliyopita. Mtu huyo ni Kastori.

Najua umekunja uso. Endelea kusoma.

Unaijua kazi ya mradi wetu, lakini niruhusu niipange upya, kwa kuwa kosa langu limo katika mpangilio wake. Tunahesabu kaya vijijini: nani kazaliwa, nani kahama, nani kaugua, nani katutoka. Kila nyumba imeandikwa namba kwa rangi nyeusi juu ya mlango. Ulikuwa darasa la tatu mwaka tulioanza kuandika namba hizo, na siku moja bibi yako alikukuta umeandika namba kwa mkaa kwenye banda lake la kuku, unaandikisha kuku kama kaya, jogoo ukiwa umempa nafasi ya mkuu wa kaya. Alikuja kunishtakia. Nilimwambia kwamba hesabu ilikuwa sahihi, akanuna siku mbili.

Zilipokuja kompyuta, nilikuwa nimeacha kufundisha hesabu na nimekuwa mtunza takwimu. Mimi ndiye niliyependekeza kwamba majina ya wagonjwa yasiingizwe kwenye mashine kabisa. Iingizwe namba ya nyumba na namba ya mtu ndani ya nyumba. Nilijivunia sana jambo hilo. Mtu aliyeko ng'ambo akiona namba hiyo haoni chochote: haoni mtu, haoni hata kijiji. Niliona nimeitatua siri kama mtu anavyotatua mlinganyo, na nikapiga mstari chini ya jibu.

Lakini mwanangu, namba ile iko juu ya mlango. Mtu wa kijiji cha Idete anapita chini yake akienda kisimani. Watoto wanaitana kwa namba wakicheza. Kwa mtu wa ng'ambo namba ile ilikuwa ukuta. Kwa jirani ilikuwa jina lililoandikwa kwa herufi kubwa zaidi. Niliishi na namba hizo miaka mingi bila kuliona hilo, kwa sababu kila nilipofikiria mtu anayeweza kuiba siri zetu nilimfikiria mgeni wa mbali.

Mwaka jana, barabara ilipopitika tena baada ya mvua zile kubwa, alikuja fundi kutoka Dar es Salaam, Bwana Mashaka. Unamkumbuka, alikula ugali kwetu akakusifia samaki ambao hukuwapika wewe, nawe hukumsahihisha. Kazi yake ilikuwa kutufungia VPN, ili takwimu tunazotuma kwa wenzetu wa chuo kikuu cha ng'ambo zisisomwe njiani. Niliitazama kazi yake siku mbili, kiti chini ya feni, daftari mkononi. Kile alichokifanya kinaelezeka kwa urahisi. Kinachotoka kwenye mashine yetu hugeuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka, husafiri hivyo kwenye laini ya simu na kwenye mitambo ya watu tusiowajua, kisha hurudishwa kuwa maneno kinapofika upande wa pili. Ni njia ya siri ndani ya njia ya watu wote. Hufanya kazi hiyo, na huifanya vizuri.

Alipomaliza, modemu ikalia kilio chake, takwimu zikaenda, akafunga bisibisi zake kwenye kitambaa. Akasema, "Mama, mimi nimeziba matundu ya bomba. Ndoo ni yako."

Kastori, aliyekuwa karani wetu wa kuingiza fomu, alikuwa meza ya pili. Hakuinua kichwa. "Na anayechota, fundi?"

"Huyo muulize Mama," alisema Bwana Mashaka, wote wawili wakacheka. Nami niliandika kwenye daftari: bomba, ndoo. Ninalo hapa mbele yangu. Mwandiko ni mzuri kabisa. Nilikuwa nimenakili maneno bila kuyaelewa, jambo ambalo nilikuwa nikiwachapa wanafunzi kwa ajili yake.

Fikiria kompyuta yetu ilikuwaje siku ile. Kila mmoja wetu alikuwa na jina lake la kuingilia na neno lake la siri. Kioo kilijifunga kikikaa dakika tano bila kuguswa. Faili la wagonjwa lilifunguka kwa watu wawili tu, mimi na mkuu wa mradi. Disketi ikiingizwa ilikaguliwa kwanza. Na mashine yenyewe, bila kuombwa, iliandika kwenye daftari lake la ndani nani ameingia, saa ngapi, amefungua nini. Yote hayo tulikuwa nayo bure. Hakuna fundi aliyetoka Dar es Salaam kuja kuyafunga, na nadhani ndiyo maana sikuyaheshimu. Nilikiheshimu kile kilichokuja na mtu, na gari, na siku mbili za kazi.

Wiki chache baadaye fomu zilikuwa zimerundikana mpaka dirishani. Umeme ulikuwa ukikatika na kurudi, na kila uliporudi tulianza upya: jina, neno la siri, ukaguzi wa disketi, kungoja. Mtu akinyanyuka kuchukua fomu, akirudi kioo kimejifunga. Adhuhuri moja niliyaondoa yote. Nilitengeneza jina moja la kuingilia, la watu wote, nikaliita OFISI. Halikuwa na neno la siri. Nilizima kioo kujifunga. Nililifungua faili la wagonjwa kwa OFISI ili kazi isisimame. Lile daftari la ndani la mashine niliacha liendelee kuandika, maana halikutuchelewesha. Lakini tangu siku ile lilikuwa na neno moja tu la kuandika.

Kastori alinitazama nikifanya. Alikuwa mtu wa mzaha, unamjua, lakini siku ile alianza bila mzaha.

"Mama Gaude, sasa kikiharibika kitu, mimi nitaonyesha nini kwamba si mimi?"

"Kastori, hapa sote ni watu wazima."

"Watu wazima ndio wanaoharibu, Mama. Watoto wanavunja glasi tu."

"Njia imefungwa," nilimwambia. "Fundi amefunga. Hakuna wa kuingia."

Alivuta fomu nyingine. Nilidhani nimemshinda kwa hoja. Nilikuwa nimemshinda kwa cheo.

Sasa sikiliza kilichotokea, na ukisome kwa mpangilio wake, kwa sababu kwa muda mrefu umekijua kwa mpangilio mwingine.

Palikuwa na mjane Idete, Mama Oliva, aliyekaanga vitumbua karibu na kituo cha treni. Alipimwa akakutwa na kifua kikuu, akaanza dawa, akaziendeleza vizuri. Hakumwambia mtu. Siku zile, na hata leo, mtu akisikia kifua kikuu huongeza neno la pili, ukimwi, mwenyewe kichwani, bila kuuliza. Baada ya muda kijiji kizima kilijua. Watu waliacha kununua vitumbua vyake. Kwenye jumuiya ya kanisa, wanawake walimpa kikombe chake peke yake, kwa upole, wakitabasamu, na nadhani upole ule ulimuumiza kuliko tusi. Akaja ofisini kwetu na kitambulisho chake cha kliniki mkononi akauliza swali moja: "Nani kati yenu?"

Mkuu wa mradi alituita. Kastori ni mtu wa Idete. Mama yake mzazi anakaa huko mpaka leo. Fomu za Idete zilipita mikononi mwake. Wote tulikuwa tukitazama meza na wote tulikuwa tukimfikiria yeye. Yeye alikuwa mtulivu. Alisema, "Itazameni mashine. Itasema."

Mkuu akanigeukia. "Mama, mashine inasema nini?"

"Inasema ofisi," nilijibu.

"Ofisi ndiyo nani?"

"Sote."

Hakuuliza kwa nini. Nami sikueleza. Akauliza swali jingine: je, inawezekana mtu wa nje ameingia kwa njia ya simu? Hapo nilikuwa na uhakika, na nikauonyesha uhakika wangu. Nilieleza VPN inavyofanya kazi, kwa ufasaha, kama niko ubaoni. Nikahitimisha kwamba hakuna aliyeingia kutoka nje.

Kila neno lilikuwa kweli, Gaudensia. Na kwa maneno hayo ya kweli nilimfunga Kastori kamba. Kama si mtu wa nje, basi ni mtu wa ndani. Kama ni wa ndani na mashine haimtaji, basi ni yule mwenye ndugu Idete. Sikusema hivyo. Niliwaachia wakamilishe hesabu wenyewe. Mkataba wake ulipokwisha haukuendelezwa, wala hakuandikiwa sababu. Alifungua banda la kutengeneza baiskeli karibu na soko, na unajua banda hilo liko wapi, kwa sababu siku moja tulipita mbele yake mimi na wewe, akatusalimu, nawe ukapita bila shikamoo.

Nilikuuliza, mbele kidogo, kulikoni. Ulisema, "Simwamkii mtu anayetangaza wagonjwa." Ulisema kwa sauti ya kutosha yeye kusikia. Ulikuwa umekosea, lakini ulikuwa umekosea kwa sababu ya haki. Ulikuwa ukimtetea Mama Oliva kwa kile ulichokijua. Mimi wakati ule bado sikujua ukweli wote. Nilijua tu kwamba hatukuwa na ushahidi, na kwamba tulikosa ushahidi kwa mkono wangu. Hiyo ingetosha kabisa kukurudisha hatua kumi ukamsalimu. Badala yake nilikuambia tuwahi dagaa.

Kisha ikaja mavuno ya mwaka huu. Tulikuwa Katindiuka, mimi na shangazi yako Sesilia, aliyekuja kutoka kwake Idete, tunageuza mpunga kwenye turubai. Marehemu baba yako alikuwa akisema dada yake huyo hawezi kukaa kimya hata akilala, na kweli alikuwa amehadithia kijiji kizima cha Idete, nyumba kwa nyumba, kabla jua halijapanda. Akafika kwa Mama Oliva.

"Maskini, sasa amepona, anakaanga tena," alisema. "Mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kumhurumia, wifi. Nilimwambia jirani yake ampelekee mayai, kifua kile kinataka mayai."

"Wewe ulijuaje?"

"Si kwako?"

"Kwangu wapi, wifi?"

"Ofisini kwako! Ile siku nilikuletea mchele, ukaitwa kwenye simu jengo la pili, ukaniacha nikae kwenye feni. Ile televisheni yako ilikuwa wazi. Nikaona kifua kikuu, nikaona ile namba ya mlango, nikasema, he, huyu si Mama Oliva? Jirani yangu wa tatu!"

Niliacha kugeuza, nikamtazama. Yeye akaendelea kugeuza mpunga. "Mbona unanitazama hivyo? Nilidhani ni mambo ya wazi. Yangekuwa siri si mngeyafungia?"

Nilikuwa nimekwenda kwenye simu robo saa. Nimelihesabu jambo hilo mara nyingi kuliko linavyohitaji. Kioo kingejifunga dakika ya tano. Hata kama angefika kabla ya hapo, faili lisingekuwa wazi kwenye meza ile, kwa sababu nisingelifungua kwa jina la OFISI na kuliacha likisubiri karani yeyote. Na hata kama lingekuwa wazi, jina lililoandikwa kwenye daftari la mashine saa ile lingekuwa langu. Mkuu angeuliza, mashine inasema nini? Ingesema Leokadia.

Hili ndilo nilitaka ulijue kuliko yote niliyowahi kukufundisha kuhusu mashine. Nilikuwa nikidhani neno la siri ni kitasa cha kumzuia mwizi, na kama mwizi amezuiwa mahali pengine, kitasa kinaweza kuondoka. Kumbe lile jina la kila mtu la kuingilia ni shahidi. Siku ya shida, ndilo linalosema huyu hakuwepo. VPN haiwezi kutoa ushahidi huo. Haijui ni nani aliyeketi kwenye kiti. Humchukua yeyote aliyeketi na kumsafirisha kwa heshima zote. Disketi chafu ikiingia asubuhi, uchafu wake utasafiri kwa siri ileile kamili. Na faili likiwa limelala tu kwenye mashine bila kwenda popote, VPN haina habari nalo. Watakapokuambia huko kazini kwamba wameshafunga njia kwa hiyo mengine yaachwe, watakuwa na sababu nzuri, watakuwa wamechoka, na watakuwa watu wazuri. Mimi nilikuwa na sababu nzuri. Uliza tu ni nani katika chumba hicho atakayeshindwa kujitetea yakizimwa. Kwa kawaida ni yule mwenye mkataba mfupi.

Shangazi yako usimchukie. Hakuiba kitu. Alikaa alipoambiwa akae, akasoma kilichokuwa mbele ya macho yake, na akatuma mayai. Sijamweleza yaliyompata Kastori. Nitamweleza mwenyewe, kwa siku yake.

Miezi miwili nilikaa na jambo hili. Nilijiambia kwamba Kastori ameshapata kazi yake, kwamba Mama Oliva amepona, kwamba nikisema, vijiji vitaanza kuwafungia milango wahesabuji wetu na wagonjwa wengine watakosa kufuatiliwa. Hoja hizi si za kijinga, nimezipima. Lakini nilizipima mimi, mwenye kunufaika nazo, na hakuna mwalimu anayeruhusu mtihani usahihishwe na mtahiniwa. Kisha Jumanne ukauliza swali lako, na nikaona unakwenda kwenye chumba kama changu, ukiwa na imani kama yangu, na ukimdharau mtu mmoja duniani kwa sababu yangu.

Jumatano nilikwenda Idete kwa Mama Oliva. Nilitaka ruhusa yake kwanza, kwa sababu kuisafisha habari ya Kastori ni kuigusa tena habari yake. Alikuwa anakaanga. Nilimweleza yote nimesimama, hakuniambia nikae. Aligeuza vitumbua vya kikaango kizima kabla hajajibu.

"Sema," aliniambia. "Wao walisema bila kuniuliza. Wewe angalau umekuja." Halafu akanifungia vitumbua vitano kwenye gazeti, ndivyo vile ulivyovila jioni ile ukasema havina iliki.

Jana nilimkabidhi mkuu wa mradi maelezo yangu kwa maandishi. Alisoma mpaka mwisho, akavua miwani. "Mama, jambo hili limeshapoa. Tuliweke kwenye faili, turudishe maneno ya siri, tusonge mbele." Maneno ya siri nilikuwa nimeshayarudisha siku ileile niliyotoka Katindiuka. Nilimwambia kwamba sitaweza kuishia kwenye faili. Akasema basi na yeye hawezi kuniahidi kwamba nitabaki kwenye nafasi yangu. Nilimwelewa. Sikumchukia hata kidogo, na wewe usimchukie.

Leo asubuhi, ulipokwenda kusuka nywele, nilikwenda bandani kwa Kastori. Alikuwa amegeuza baiskeli miguu juu, ananyoosha rimu, anaikaza spoku moja moja na kuisikiliza.

"Karibu, Mama Gaude. Imekufa baiskeli au umekufa wewe?"

"Baiskeli nzima, Kastori."

Nikamweleza. Hakuacha kuzungusha gurudumu. Nilipofika kwa shangazi yako na feni, akasimamisha gurudumu kwa kiganja.

"Nilikuambia siku ile," alisema.

"Uliniambia."

"Sema sasa. Nilikuambia nini?"

Nikalirudia swali lake, neno kwa neno: kikiharibika kitu, utaonyesha nini kwamba si wewe. Aliitikia kwa kichwa polepole, kama mwalimu aliyepata jibu lililochelewa. Nikasema samahani. Alisema samahani ameisikia, ataitafutia mahali pa kuiweka, kwa sasa hana.

"Kuna barua ofisini," nilimwambia. "Nimeandika kila kitu."

"Barua wataiweka kwenye faili. Mama yangu hasomi mafaili." Akaokota spana, akaiweka chini tena. "Mama yangu aliacha kwenda jumuiya, unajua? Mwaka mzima. Anasali nyumbani kama mgonjwa. Watu wa Idete ndio walionihukumu, Mama Gaude. Sema Idete."

Nikamwambia nitasema.

Nilipogeuka kuondoka akauliza, "Binti anasafiri kesho?"

"Kesho alfajiri."

"Afike salama. Siku ile alitenda kwa alichoambiwa."

"Hakuambiwa, Kastori. Niliacha aamini."

"Ni kulekule," alisema, akarudi kwenye gurudumu lake.

Basi, mwanangu, haya ndiyo uliyokuwa hujui. Sikuombi ufanye lolote kuhusu Kastori. Nilitaka kukuomba, nikafuta, kwa sababu wewe una moyo wako na umeutumia vizuri kila ulipopewa habari sahihi. Nilifikiri pia kukuomba uahirishe safari mpaka Jumatatu ili usimame karibu nami. Hilo nililifuta haraka zaidi. Umeingoja safari hii tangu uko kidato cha pili, na nikikutazama ukijaribu begi kama linafunga, ukilifungua, ukijaribu tena, najisikia mwenye bahati kwamba mtu wa namna hiyo alitoka kwangu. Usingoje niwe nimemaliza mambo yangu ndipo uanze yako.

Kama nitaondolewa kwenye nafasi, nitakuandikia, na sitakuandikia kwa huzuni. Shule ya Katindiuka haina mwalimu wa hesabu, na bado najua kwa nini sifuri haigawi.

Mwenyekiti wa kijiji cha Idete amenikubalia niseme Jumapili, baada ya misa, watu wakiwa bado uwanjani. Kastori atamleta mama yake. Nimeandika maneno ya kuanzia mara nne, na mara nne yameanza na kompyuta, na njia za siri, na umeme kukatika. Nimeyachana yote. Nitasema hivi: Mimi ni Leokadia. Kastori hakutoa siri ya mtu yeyote. Aliyeiacha wazi ni mimi, na alipolaumiwa yeye, nilinyamaza. Halafu watauliza, nami nitabaki pale uwanjani mpaka wa mwisho aulize.

Nakupenda kuliko ninavyojua kusema.

Mama yako